Mshipi wa Kizamishi: Kwa Nini Ratili Pekee Hazitoshi Unaporambaza Samoni

Mvuvi anayenunua mshipi wa kurambazia samoni, yaani kuvuta chambo nyuma ya boti, kwa kizamishi, kisahani kinachokipeleka chambo chini, huanza na swali la ratili: huu unabeba uzito gani kabla ya kukatika? Ndiyo namba iliyoandikwa kwa tarakimu kubwa kwenye boksi, kwa hiyo ndiyo inayoamua. Lakini samoni wachache sana hupotea kwa sababu mshipi mkuu umekatika. Samoni anayeshikilia rekodi ya dunia ya kuvuliwa kwa ufito, yule wa Mto Kenai kule Alaska mwaka 1985, alikuwa na ratili 97 na ushei, na wengi wanaonaswa katika Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini hawafiki hata theluthi ya hapo. Wanaopotea hupotea kwa sababu ndoana imechana nyama ya mdomo na kuchomoka, au kizamishi hakikufyatuka, au chambo hakikufika kabisa kwenye kina walichokuwa. Mambo hayo matatu yanatawaliwa na vitu viwili ambavyo boksi huvitaja kwa maandishi madogo, au huvinyamazia: unene wa mshipi, na kiasi unachorefuka ukivutwa.

Tuanze na kizamishi chenyewe, maana bila kuelewa kinavyofanya kazi, kila ushauri juu ya mshipi utaonekana kama mapenzi ya mtu tu. Ni kisahani cha plastiki ngumu chenye risasi ndani, kinachofungwa kati ya mshipi mkuu na kipande cha mwisho kinachobeba chambo. Boti inapokwenda, maji hugonga uso wake ulioinama na kukisukuma chini, jinsi upepo unavyoinua tiara, ila mwelekeo umegeuzwa. Aina inayojulikana zaidi, Dipsy Diver, ina bamba la chini linalozungushwa. Likiwa kwenye sifuri, kisahani huzama moja kwa moja nyuma ya boti. Likizungushwa hadi 1, 2 au 3, kulia au kushoto, huenda pembeni zaidi na kina hupungua. Ndiyo maana boti moja huweza kuvuta mishipi kadhaa bila kusokotana. Tena kisahani kina kifyatuo kinachobanwa na skrubu. Samaki akivuta, au mvuvi akiupa ufito mkupuo wa nguvu, kifyatuo huachia, kisahani hulala bapa na kuacha kushindana na maji, na samaki hupandishwa bila kuburuta mzigo wote ule.

Kwa hiyo mshipi una kazi tatu kwa wakati mmoja. Unavuta kisahani kinachotaka kwenda chini. Unapeleka mkupuo wa mvuvi hadi kwenye kifyatuo kilicho mbali. Halafu, samaki akishanaswa, unapaswa kumshika bila kumchana. Hakuna mshipi unaofanya zote tatu vizuri, na ubishi wote baina ya wavuvi wa samoni juu ya nailoni, uzi wa kusukwa na waya hutoka hapo.

Kina ndicho kinachofanya jambo hili liwe na uzito. Samoni hawakuwa wenyeji wa Ziwa Michigan, mojawapo ya Maziwa Makuu hayo; samoni wa aina ya coho walipandikizwa mwaka 1966 na wa aina ya Chinook mwaka 1967, wakastawi kwa kula samaki wadogo waliokuwa wamejaa humo. Ni samaki wa maji baridi, wanaopendelea joto la karibu nyuzi 12 za Selsiasi. Majira ya kuchipua maji ya juu bado ni baridi na samaki wapo karibu. Kufika Julai na Agosti uso wa ziwa umepata joto, nao wameshuka mita 20, 30, hata zaidi. Mshipi uliotosha mwezi Mei sasa unakiacha chambo hewani, kwa maana ya samaki: juu mno ya mahali wanapoishi.

Hapa unene unaingia. Chukua mita 60 za nailoni ya ratili 30, yenye kipenyo cha karibu milimita 0.55. Eneo lake linaloyakabili maji, ukilitazama kwa ubavu, ni kama sentimita za mraba 330, zaidi ya nusu ya karatasi ya A4. Sasa chukua urefu uleule wa mshipi wa kusukwa wa ratili 50, wenye kipenyo cha karibu milimita 0.36. Eneo ni sentimita za mraba 216, theluthi ya karatasi hiyo. Umeongeza nguvu kwa zaidi ya nusu na papo hapo umeondoa theluthi ya ukinzani. Ndani ya maji mshipi haukai wima wala haunyooki. Hufanya tumbo kuelekea nyuma, na kadiri ulivyo mnene ndivyo tumbo hilo linavyokuwa kubwa na kisahani kinavyoinuliwa. Kila mita unayoiongeza inaleta ukinzani wake, ilhali kisahani ni kilekile na nguvu yake ni ileile. Ndiyo sababu ukiwa na nailoni nene hufika mahali ambapo kuachia mita 15 zaidi hakukupi kina chochote cha maana. Unaurefusha mkia tu.

Wengine hujaribu kulitatua hili kwa kuongeza kasi, wakiamini kisahani kitasukumwa chini zaidi. Nguvu ya kuzama kweli hupanda kwa mraba wa kasi, lakini ukinzani wa mshipi nao hupanda kwa mraba uleule. Kutoka kilomita 3 kwa saa hadi 4, vyote viwili huongezeka kwa zaidi ya robo tatu, uwiano hubaki palepale, na unachopata ni ufito uliopinda zaidi na chambo kinachocheza kwa kasi ambayo huenda samaki hakuitaka. Uwiano kati ya kisahani na mshipi hubadilishwa kwa kubadilisha kisahani au mshipi. Kasi tumia kwa ajili ya chambo.

Sasa nailoni, uzi mmoja usiosukwa, ule ambao karibu kila mtu ameanzia. Sifa yake na aibu yake ni kitu kimoja: kurefuka. Nailoni ya kawaida inaweza kurefuka kwa asilimia 20 au zaidi kabla ya kukatika. Ukiwa na mita 60 majini na mshipi ukarefuka kwa asilimia 10 tu, hizo ni mita 6. Fikiria basi unataka kukifyatua kizamishi ili uangalie kama chambo kimeshika majani. Unaushika ufito, unaupa mkupuo mkali, ncha inasafiri mita mbili, na mita zote mbili zinamezwa na mshipi. Kule chini kifyatuo hakijahisi kitu. Mvuvi hulegeza skrubu ili iwe rahisi, kisha wimbi la kwanza kubwa linakifyatua lenyewe. Kuna ubaya mwingine usioonekana: samoni mdogo akinaswa na asiweze kufyatua kisahani, ufito hautaonyesha kitu, naye ataburutwa nusu saa huku wewe ukidhani chambo chako kinafanya kazi.

Hata hivyo siwezi kuungana na wanaosema nailoni imepitwa na wakati. Mdomo wa samoni una sehemu laini, na Chinook anayekimbia mara ya kwanza hukimbia kwa nguvu za kutisha. Kule kurefuka ndiko kunakompokea. Katika maji ya bahari ya British Columbia, Kanada, sheria inataka ndoana za samoni zisiwe na kole, kile kijimwiba kinachoizuia ndoana isichomoke, na ndoana ya namna hiyo hushika kwa sababu moja tu, kwamba mshipi haujalegea hata kidogo. Nailoni iliyovutika huendelea kukaza yenyewe pale samaki anapogeuka ghafla kuelekea boti. Kwa kina kifupi, wakati mshipi uliotoka haufiki mita 20, hesabu ya ukinzani niliyoieleza hupungua umuhimu, na mkupuo wako hufika kwenye kifyatuo bila kuchoka njiani. Mdomoni mwa Mto Columbia, ambako kizamishi kidogo hufuatiwa na chambo cha samaki mzima na mita chache tu huachiwa, nailoni ya ratili 25 au 30 haina cha kuonewa haya. Vivyo hivyo majira ya kuchipua, na tena mwanzoni mwa vuli samoni wanapokaribia midomo ya mito. Anayejifunza pia aanze nayo. Inasamehe breki iliyokazwa vibaya kwenye rili (kifaa cha kuviringia mshipi), haikati vidole, na fundo la kawaida linaishika.

Mshipi wa kusukwa hutengenezwa kwa nyuzi nyembamba za polietilini ngumu mno. Hurefuka asilimia chache tu, kwa hiyo kila kinachotokea chini unakiona kwenye ncha ya ufito: kisahani kikitetemeka vizuri, kikikokota majani, kikiguswa na samaki mdogo. Mkupuo mmoja na kifyatuo kinaachia, hata mita 70 nyuma. Kwa sehemu kubwa ya msimu, kwa mtu anayetaka aina moja tu ya mshipi kwenye rili ya kizamishi, huu ndio ningeuchagua, na ningechukua ratili 50.

Kwa nini 50, kama samaki mwenyewe hahitaji? Kuna anayesema: kama wembamba ndio siri, tuchukue ratili 20, uwe mwembamba zaidi. Tatizo liko kwenye rili. Kizamishi kikubwa huvuta bila kupumzika, saa baada ya saa, na mshipi mwembamba ulioviringwa kwa mvuto huo hujizika katikati ya mizingo iliyo chini yake. Samaki anakimbia, mshipi unatoka vizuri, ghafla unagota kwenye mzingo uliozama, na kwa kuwa haurefuki, kitu fulani lazima kipasuke. Ule wa ratili 50 una unene wa kutosha kukaa juu ya mizingo mingine. Wa 65 ni salama zaidi kwa vizamishi vikubwa, ukikubali kupoteza kina kidogo. Wa 30 uachie vizamishi vidogo. Na kabla ya kuuviringa, weka kwanza mizingo ya nailoni au utepe kwenye bobini tupu. Polietilini huteleza sana, na bila kitu cha kushika bunda zima huzunguka lenyewe huku wewe ukivuta bure.

Kutorefuka kwake lazima kulipwe mahali pengine. Kulipe kwa ufito mrefu na laini, wa mita 2.7 hadi 3, unaopinda kutoka ncha hadi katikati. Kulipe kwa breki ya rili iliyolegezwa mpaka ibebe kizamishi na kidogo tu zaidi, ili pigo la kwanza litoe mshipi badala ya kuchana mdomo. Wapo wanaoongeza mpira wa kufyonza mshtuko, kibomba cha mpira chenye uzi wa nailoni ndani yake, kati ya kisahani na kipande cha mwisho. Ufito wako ukiwa mgumu na hutaki kununua mwingine, mpira huo si anasa. Skrubu ya kifyatuo nayo ikazwe kuliko ulivyozoea kwenye nailoni, kwa sababu sasa kila wimbi linaloinua boti linafika kule chini likiwa zima.

Waya ni habari nyingine kabisa. Unaotumika zaidi ni wa chuma cha pua, nyuzi saba zilizosokotwa pamoja, ratili 30. Unene wake, karibu milimita 0.4, haupishani sana na wa kusukwa wa ratili 50, kwa hiyo faida yake kubwa haitoki kwenye wembamba. Inatoka kwenye uzito. Polietilini ni nyepesi kuliko maji na huelea. Chuma kina uzito unaokaribia mara nane wa maji. Mita 60 za waya huo zina kama gramu 40, nazo zimetandazwa kwenye mshipi wote, hasa pale kwenye tumbo ambapo ukinzani unauinua. Si nyingi, ila zote zinavuta upande unaoutaka. Dhidi ya nailoni tofauti ya kina ni kubwa. Dhidi ya uzi wa kusukwa ni ya wastani, na anayekuahidi maajabu anatia chumvi. Waya pia huvuma majini, mlio unausikia kwa kidole ukiugusa ufito, na manahodha wengi wa Maziwa Makuu wanaamini mvumo huo huwaita Chinook. Ninaiheshimu imani yao kwa sababu wanashinda majini kila siku, lakini kina peke yake kinatosha kuwa sababu ya kuutumia.

Gharama ya waya ni nidhamu. Usiuache ulegee hata kwa sekunde moja. Ukilegea hujikunja, ukivutwa kunjo hilo hugeuka kifundo, na kifundo kwenye waya ni mahali pa kukatika, hakinyooshwi, hukatwa. Unapoachia kizamishi, kidole gumba kikae kwenye bobini muda wote na kisahani kishuke polepole. Ncha ya ufito iwe ya roda au ya springi inayopinda pamoja na waya, kwa sababu pete ya kawaida ya nchani huupinda waya kwa pembe kali na pete yenyewe huchimbika mfereji. Tena waya hukata: samaki akikimbia na kuuvusha mshipi wa kusukwa juu ya waya ulionyooka, wa kusukwa ndio utakaoondoka. Kwa hiyo wanaovuta vyote viwili huweka waya ndani, kwenye namba 1, uzame sana karibu na boti, na wa kusukwa nje, kwenye namba 3, upae juu na mbali. Mpangilio huo una maana nyingine pia: kila mshipi unafanya kile unachokiweza.

Kuna viumbe wanaoweza kuvuruga hesabu zote hizi. Katika Maziwa Makuu wamo viumbe wadogo wa majini wa aina mbili, wa jamii ya kamba, waliotoka Ulaya na Asia, walioingia kwa maji ya kusawazishia meli: Bythotrephes, aliyeonekana humo katika miaka ya 1980, na Cercopagis, aliyegunduliwa Ziwa Ontario mwaka 1998. Ni wadogo, lakini wana mikia mirefu yenye miiba, na wakati wa joto hunasa kwenye mishipi kwa maelfu. Ukikusanya mshipi unaona rojo la kijivu limejaa kwenye pete ya ncha, mshipi haupiti, na samaki bado yuko mita 30 nyuma. Uzi wa kusukwa huwashika vibaya kuliko yote. Nailoni nene hushika wachache, waya nao husafishika kwa urahisi. Hapo mvuvi mwenye busara huacha wembamba kwa wiki kadhaa na kurudi kwenye nailoni nene au waya, hata kama jedwali la kina linamwambia vingine.

Jedwali la kina nalo halistahili kuaminiwa kibubusa. Lile linalokuja na kizamishi limepimwa kwa mshipi wa unene fulani. Ukitumia mwembamba zaidi, utakuwa chini kuliko linavyosema. Ukitumia mnene zaidi, utakuwa juu. Kipimo kilicho kwenye rili kina udhaifu wa aina yake: kinahesabu mizunguko ya bobini, na mzunguko mmoja wa bobini iliyojaa hutoa mshipi mwingi kuliko wa bobini iliyopungua. Rili mbili zinazosoma 150 zinaweza kuwa zimeachia urefu tofauti kabisa. Ukitaka kurudia kilichokupa samaki, rili zako ziwe za aina moja, mshipi wa aina moja, zimejazwa hadi alama moja. Kisha pitisha kizamishi mahali ambapo unajua kina cha sakafu na uone kinapogusa. Namba utakayoipata hapo ni ya mshipi wako, na inazidi jedwali lolote.

Kipande cha mwisho, kati ya kizamishi na chambo, kina kanuni zake. Urefu wake hauamuliwi na samaki. Unaamuliwa na ufito. Kisahani kikifika kwenye ncha hakiwezi kuingia kwenye pete, kwa hiyo samaki atabaki nyuma kwa urefu wa kipande hicho, na mwenye wavu lazima amfikie. Mita 1.8 hadi 2.4 ndio urefu wa kawaida kwa ufito wa mita 2.7. Anayetaka chambo kiwe mbali zaidi atafute kizamishi cha aina ambayo mshipi hupita katikati yake na kisahani huteleza kuelekea kwa samaki baada ya kufyatuka.

Kwa kipande hiki fluorokaboni, uzi mmoja usiosukwa kama nailoni, ndiyo hupendwa. Hupindisha mwanga kwa kiwango cha 1.42, karibu na maji yenye 1.33, ilhali nailoni ni karibu 1.53, kwa hiyo haionekani kirahisi. Mimi naipenda zaidi kwa ugumu wake dhidi ya meno na mikwaruzo. Kuhusu kutoonekana, kisahani chenye upana wa kiganja kikipita mbele ya chambo, samoni amekwisha kuona kitu. Ratili 20 hadi 30 zinatosha. Kiwe dhaifu kuliko mshipi mkuu, ili ukikwama chini kikatike chenyewe na kisahani kirudi.

Mafundo yafuate mshipi. Lile la kuzungusha mara tano na kurudisha, zuri kwa nailoni, huteleza kwenye uzi wa kusukwa. Tumia fundo la kupitisha uzi uliokunjwa maradufu kwenye jicho la suiveli (kiungo kidogo cha chuma kinachozunguka), kuufunga fundo rahisi na kukivusha kitanzi juu ya suiveli. Waya ubanwe kwa kibanio cha chuma. Fundo lolote la nailoni au fluorokaboni lilowanishwe kabla ya kukazwa.

Mwisho wa kila siku pitisha mita mbili au tatu za mwisho za mshipi mkuu katikati ya kidole na kidole. Nailoni yenye mkwaruzo, ikate. Uzi wa kusukwa ulioota manyoya karibu na suiveli, ukate vilevile. Nailoni ibadilishwe kila msimu, maana jua na maji huila. Uzi wa kusukwa ukichoka upande mmoja, ugeuze kwenye bobini, upande uliolala chini bila kuguswa uwe wa kufanya kazi, nao utakupa misimu mingine.